Kijerumani Changu cha Gereji

Walipomtuma mtu kutoka hospitali ya misheni kuja kuniita, hawakuniita kwa sababu mimi ni fundi. Waliniita kwa sababu Malaba nzima ilijua kwamba naongea Kijerumani. Na Malaba nzima ilijua hivyo kwa sababu niliiambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, wala sikulazimishwa na mtu.

Nilikuwa chini ya lori la mtu, napigana na nati iliyogoma, nikaona miguu ya mwendesha baiskeli imesimama. "Fundi, toka huko. Sista anakuita hospitali. Yule mzungu wako iko vibaya, na hakuna mtu anaelewa kitu anasema. Sista anasema uje haraka umtafsirie."

Nilijigonga kichwa kwenye chesisi. Mwenye baiskeli alidhani ni kwa sababu ya huzuni, akaniambia pole.

Mimi ni Msamia, kwetu ni upande wa Funyula, karibu na Sigalame. Nilifika Malaba miaka ya sabini ikianza, nikiwa na kisanduku cha spana na barua ya fundi aliyenifunza kazi. Mke wangu alibaki nyumbani na watoto na shamba la mihogo. Malaba ni kwa Wateso, na mimi Kiteso sikujua hata salamu. Watu hawakuwa wabaya, la hasha, lakini jioni kila mtu alirudi kwake na lugha yake, nami nikarudi kwenye chumba cha kupanga nikasonga ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja hausongeki vizuri, unabaki kuzungukazunguka kwenye sufuria. Mara nyingine mama wa chumba cha pili alicheka sana na wanawe upande wa pili wa ukuta, na mimi nikacheka pia, peke yangu, bila kujua kilichowachekesha.

Huyo mzungu alikuwa Mjerumani. Alikuja na kampuni ya barabara kama fundi wa matingatinga. Barabara ilipokwisha kampuni ikafunga virago, yeye akabaki. Kwa nini alibaki, kila mtu alikuwa na hadithi yake, na hakuna aliyemuuliza. Alikodi kiwanja nyuma ya foleni ya malori yanayongoja forodha, akaezeka mabati, akafungua gereji. Alikuwa mtu wa umri wa baba yangu, mrefu, masikio mekundu, na uso wa kukasirika hata akiwa amefurahi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza: leta, toa, funga, fungua, bado, polepole. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, ila ubovu wake ulikuwa wa upande mwingine, kwa hiyo hata hicho hakikutusaidia.

Aliniajiri baada ya kunitazama nikifungua giaboksi. Hakusema "umepata kazi". Alinipa ovaroli.

Lugha yetu ilianza asubuhi moja ya baridi, lori limekataa kuwaka. Alikuwa kwenye usukani, mimi mbele na boneti iko wazi. Akapaza sauti: "Choke!"

Nikatoa kichwa. "Umesema choki?"

"Choke," akasema, akavuta kile kipini kunionyesha.

"Hata sisi ni choki!"

Akashuka. Akanitazama kama mtu aliyekutana na jirani wa kwao sokoni. Akaweka mkono kwenye tangi. "Tank."

"Tangi," nikamjibu.

"Starter."

"Stata!"

"Filter."

"Filta!"

Tulilizunguka lile lori lote namna hiyo, mwenye lori amesimama pembeni anashika kiuno, hajui kama tumepatwa na wazimu. Si yote yaliyofanana. Breki aliita bremse, klachi aliita kupplung, na plagi aliita kerze, kisha akaingia chumbani kwake hapo gereji akatoa mshumaa kunionyesha kwamba ndilo jina la ule pia. Lakini choki! Hiyo ilinikaa moyoni. Mimi siku zote nilidhani ni sisi tu tuliokosa majina, kwa sababu gari hatukuliunda, lilitujia na majina yake limeyabeba mgongoni. Madereva wa Uganda walisema yingini na buleeki. Wanyarwanda waliokuwa wakishuka Mombasa breki waliita feri, kwa sababu wao gari walifundishwa na Mbelgiji. Kila mtu na bwana wake. Lakini Mjerumani? Mtu aliyeunda gari kwa mikono yake mwenyewe, naye akaenda kuomba neno kwa Mwingereza?

Nilimuuliza hivyo, kwa ishara na kwa Kiswahili cha kuvunjavunja. Akaelewa. Akatema mate chini, akasema, "Ile Ingereza nasema kwanza. Sisi nachukua." Kisha akacheka. Ndiyo siku ya kwanza kumwona akicheka, na meno yake yalikuwa mabaya sana.

Kuanzia hapo akaleta utaratibu ambao sijauona gereji nyingine yoyote. Gari likishatengenezwa, kabla ya kuliwasha, alikaa kwenye usukani na mimi nikasimama mbele. Yeye akaita sehemu kwa jina lake, mimi nikaishika kwa mkono na kuitikia kwa jina letu. Tank, tangi. Kupplung, klachi. Filter, filta. Bila sauti yangu hakugusa ufunguo. Wakati mmoja fundi mwingine alisahau kitambaa juu ya injini na lori likashika moto, ndipo akaapa kwamba gari halitawaka tena kwake bila sehemu zake kuitwa. Tulipoita, madereva na maturniboi waliacha kucheza drafti wakaja kutazama, na hapo ndipo nilipoanza kupotea njia.

"Fundi, kumbe wewe unajua Kijerumani!"

Ningeweza kusema hapana. Ilikuwa rahisi tu: hapana bwana, ni majina ya spea. Lakini yule aliyeniambia alikuwa amenisogezea nafasi kwenye benchi la kibanda cha chai, na miezi mingi ilikuwa imepita bila mtu kunisogezea nafasi mahali popote. Nikakaa. Nikasema, "Kidogo kidogo."

Wacha tu. Kidogo kidogo ikawa sana. "Hebu ongea kidogo tusikie!" Nami nikakunja uso, nikakoroma kooni, nikafyatua: "Motor! Tank, starter, kompressor, ja, ja, filter!" kama mtu anayemgombeza mkwewe. Wakashika mbavu. Dereva mmoja kutoka pwani aliniita Mjerumani mweusi, na jina likanata. Nikipita, benchi linaitikia. Kichwa kilinivimba mpaka kofia ikawa ndogo. Nikaenda nyumbani mwisho wa mwezi nikamwambia mke wangu kwamba mimi na mzungu tunaongea mpaka mambo ya moyoni. Aliniangalia, akaniuliza, "Ana watoto wangapi?" Nikakasirika. Nikamwambia wanaume hawaulizani mambo ya watoto kama wanawake kisimani.

Ukweli ni kwamba sikujua. Miaka sita tulikaa saa sita mchana kwenye mbao moja, yeye na mkate na mayai yake ya kuchemsha, mimi na omena, visamaki vya ziwani nilivyonunua kwa akina mama wa Sio Port. Omena hakuzipenda. Alinyoosha kidole kwenye macho yao, halafu kwenye macho yake mwenyewe, kwamba zinamtazama, akatikisa kichwa. Tulicheka hapo, kisha kila mtu akatafuna chake. Sikujua jina la mama yake. Sikujua kama aliwahi kuoa. Tulikuwa na maneno ya gari ya kututosha kazini, na kwa sababu yalitutosha, hatukutafuta mengine. Huo ndio ujinga wetu, na naona wa kwangu ulikuwa mkubwa zaidi, maana yeye alijaribu.

Alijaribu mara moja. Ilikuja barua yake, bahasha nyembamba yenye stempu za kwao. Aliisoma kwenye ile mbao, akaikunja, akaifungua tena. Halafu akanigeukia akaanza kuzungumza kwa lugha yake, polepole, maneno mengi, akinitazama usoni. Hakuna hata neno moja nililolishika. Hakuna tangi humo, hakuna stata. Aliponyamaza, mimi kwa mazoea ya kibandani nikaitikia kwa kichwa kama mzee wa baraza nikasema, "Ja, ja," yaani ndiyo, ndiyo.

Alinitazama kidogo. Akaweka barua mfukoni. "Leta spana ya kumi na saba," akasema.

Niliileta. Hatukuzungumza tena namna ile.

Alipougua ilikuwa homa tu, kama sisi sote. Siku ya kwanza alifanya kazi akitetemeka. Siku ya tatu nikamkuta sakafuni, nikatafuta pikapu ikampeleka hospitali ya misheni. Nilidhani atarudi baada ya wiki. Badala yake, siku ya nne, ndipo akaja yule wa baiskeli.

Nilipanda kwenye keria na ovaroli yangu ya grisi. Njia nzima nilikuwa natafuta uongo. Nimwambie sista kwamba nimesahau? Lugha haisahauliki kwa siku nne. Nimwambie Kijerumani chake ni cha kabila jingine? Hilo lilinipendeza kidogo, nikalishika mpaka getini, kisha nikaona haya hata mimi mwenyewe.

Sista alikuwa mwanamke wa upande wa Kakamega, msafi, mwenye Kiingereza cha shule nzuri. Alinipokea mlangoni mwa wodi.

"Afadhali umefika, fundi. Tangu jana anaongea, lakini ni lugha yao. Kiingereza kimemtoka, Kiswahili kimemtoka. Homa imepanda kichwani, na macho naona hayaoni tena. Daktari amesema hana siku nyingi, pengine hata leo." Akashusha sauti. "Nataka kujua tumwandikie nani kwao. Na kama ana jambo la mwisho anataka, tumfanyie. Mtu asiende hivi hivi. Wewe ndiye tu unaelewana naye."

Alikuwa na karatasi mkononi na kalamu tayari.

Ilikuwa saa tano asubuhi, wodi imejaa jua na watu. Vitanda viwili viwili karibu karibu, ndugu wa wagonjwa wamekaa chini na vikapu vya chakula. Mjerumani wangu alikuwa kitanda cha mwisho. Alikuwa amekonda kwa siku nne kuliko nilivyodhani mtu anaweza kukonda. Macho yalikuwa wazi yameelekea darini.

Nikasimama hatua mbili kutoka kwenye mto wake. Mzee mmoja wa kitanda cha jirani, aliyenifahamu kutoka Malaba, akajiinua kwa kiwiko akasema, "Nyamazeni! Fundi anataka kuongea Kijerumani." Mama mmoja akamziba mtoto wake mdomo. Aliyekuwa anamenya yai akaacha kumenya. Sista mwenyewe akashikilia funguo zake zisilie. Wodi nzima ikanyamaza kunisikiliza mimi.

Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu, nikafungua. Na kilichokuja kwenye ulimi ni tank, choke, starter, filter. Hapo ndipo nilipoelewa kwa uwazi kabisa kile nilichokuwa nacho. Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza! Kule kibandani nani angejua? Madereva walisikia koo langu likikoroma wakaridhika. Lakini huyu sista, neno la kwanza tu angelijua. Angejua kwamba Kijerumani changu ni tangi la mafuta. Wote wangejua. Benchi lote la Malaba lingejua kabla jua halijazama. Nikafunga mdomo.

Na katika kimya kile yeye akasema. Hakusema kwa nguvu. Maneno matatu, nilivyoyasikia: ist da yemand. Akangoja, kichwa kimeinama upande mmoja. Akasema tena, ist da yemand. Mkono wake ukasogea juu ya shuka kidogo, ukakaa. Akasema mara ya tatu, na safari hii sauti ilikuwa imepanda mwishoni, kama ya kuuliza au ya kuomba, sikuweza kujua.

Sikumjibu. Nilisimama pale kama mlingoti.

Sista akanigusa bega, akanivuta mpaka nje ya mlango. "Anasema nini?" akaninong'oneza.

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Alikuwa yeye na mimi tu. Ningesema, sista nisamehe, sijui, mimi ni mtu wa spana. Nafikiri asingenicheka. Alikuwa na uso wa mtu asiyecheka watu. Lakini nilikuwa nimebeba jina langu miaka sita, nikaona nikilitua pale nitabaki yule wa ugali wa mtu mmoja.

"Anasema hana mtu kwao," nikamwambia. "Anasema mumzike hapa hapa."

Akaandika. Niliona kalamu ikitembea. "Maskini," akasema. "Basi kaa naye, afadhali asikie lugha yake."

Nikasema kazi inaningoja. Nikatoka karibu nikimbie, sikungoja hata baiskeli. Alikufa alasiri hiyo hiyo, mimi nikiwa tena chini ya lori, nikiikaza nati ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

Walimzika kwenye makaburi ya misheni. Padri aliniomba niseme maneno machache kwa lugha ya marehemu. Nikamwonyesha koo langu, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba limekauka. Akaniwekea mkono begani. Watu walisema, tazameni fundi anavyoumia. Na kweli niliumia, ila si kwa namna waliyodhani, na hilo lilinifanya niwe mpweke zaidi katikati ya wale watu wote kuliko nilivyokuwa siku niliyofika Malaba. Ile barua ya bahasha nyembamba haikuonekana kwenye vitu vyake. Kama palikuwa na anwani, ilikuwa humo. Hakuandikiwa mtu.

Kiwanja kikapewa mwingine. Mimi nikaendelea kutengenezea watu kando ya barabara, kisanduku changu chini ya kivuli cha lori lililo karibu. Kijerumani niliacha. Siku dereva mmoja aliponiambia, "Mjerumani mweusi, hebu tupe kidogo," nilimrushia kitambaa cha grisi usoni nikamwambia aniondokee hapo. Hawakuniomba tena. Benchi nalo polepole likaacha kunisogezea nafasi, na sikuwalaumu.

Lakini yale maneno matatu hayakunitoka. Kila nilipokuwa kimya yalikuja. Nilijiambia labda alikuwa anataja mji. Labda alitaja jina la mwanamke. Kitu kilichonitisha ni kwamba labda alisema nirudisheni nyumbani, na mimi nikamzika huku ugenini.

Mwaka uliofuata, asubuhi, likasimama kando yangu gari dogo la kulala ndani, limetoka upande wa Uganda likienda Nairobi. Akashuka kijana wa kizungu, ndevu nyekundu, kandambili miguuni. Akafungua mlango akaonyesha chini ya dashibodi. "Choke," akasema, na kabla hajaongeza neno nilijua ametoka wapi, kwa vile alivyoliminya mwishoni.

Ilikuwa waya imekwama tu. Niliitoa, nikaipaka mafuta, nikairudisha. Aliwasha, ikawaka. Akanishukuru kwa Kiingereza. Alikuwa tayari ameshika mlango nilipomwambia, kwa Kiingereza changu cha kuokota, kwamba kuna maneno nataka aniambie maana yake.

Nikayasema. Nilikuwa nimeyabeba mwaka mzima kama mtu aliyebeba yai mdomoni, na nadhani niliyasema sawasawa, kwa sababu hakuniuliza mara ya pili.

"Hayo?" akasema. Akafikiri jinsi ya kunirahisishia. "Ni kuuliza tu. Kuna mtu hapo? Kama umeingia mahali, huoni, na pako kimya. Unauliza, kuna mtu?"

"Kuna mtu hapo," nikasema.

"Ndiyo. Nani alikuambia hayo?"

Nikamwambia niliyasikia barabarani, kwa madereva. Akatabasamu, akaenda zake. Nilimtazama mpaka alipopinda, kisha nikakaa kwenye kisanduku changu, na watu wawili waliokuja na magari yao niliwaambia leo sifanyi kazi.

Kumbe hakuagiza mazishi. Hakutaja mji wala mwanamke. Tulikuwa wodi nzima pale, wagonjwa na ndugu zao na sista na funguo zake, tumeziba pumzi ili mimi nisikike, naye akaona amebaki peke yake. Kwa swali lile sikuhitaji Kijerumani. Ningemjibu kwa Kisamia. Ningekohoa tu, angejua.